Mekatilili: Jina Lenye Vizazi Vitatu

Somo letu ni la majina, lakini msiogope, sitawarudisha kwenye ngeli. Twende Malindi mjini, tusimame mbele ya sanamu ya Mekatilili wa Menza. Wengi wetu tumeipita mara nyingi tukikimbilia matatu, na tukidhani hilo ndilo jina alilozaliwa nalo. Hata mimi nilidhani hivyo.

Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi. Alizaliwa Mutara wa Tsatsu, upande wa Ganze, katika karne ya 19, na Menza ndiye baba yake. "Mekatilili" lilikuja baada ya kuolewa Lalani na kupata mtoto wa kiume, Katilili. Kwa Kigiriama "Me" ni mama wa fulani, kama vile Waswahili wasemavyo Mama Ali au Mama Khadija. Basi ukitamka "Mekatilili wa Menza" umewataja babu, mama na mjukuu kwa pumzi moja. Aliyeachwa nje ni mume, maskini, Dyeka wa Duka.

Nyumbani kwao Mnyazi alikuwa binti pekee kati ya ndugu wa kiume. Masimulizi ya wazee husema kwamba mmoja wao, Mwarandu, alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa katika soko la Kilungu, asirudi tena. Hapa nawaomba tusimame kidogo, maana vitabu vingi hulipita jambo hili kwa mstari mmoja.

Mwaka 1913 serikali ya Waingereza, kwa mkono wa ofisa Arthur Champion, iliwataka Wagiriama walipe kodi ya nyumba na watoe vijana wakafanye kazi mbali na kwao. Mekatilili wakati huo alikuwa mjane. Husimuliwa kwamba alikwenda barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia yule ofisa achukue kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku akamdonoa. Mzungu aliona ujeuri, lakini Wagiriama walielewa. Mimi naona huyu alikuwa dada wa Mwarandu na mama wa Katilili akisema kwa mfano yale ambayo jina lake lilikuwa limeyasema kitambo: mtoto ana mwenyewe.

Alizunguka vijijini akikusanya watu kwa ngoma ya kifudu, akawalisha viapo pamoja na mzee Wanje wa Mwadori Kola. Oktoba 1913 wote wawili walikamatwa, wakapelekwa Mumias, magharibi kabisa ya nchi. Januari 1914 wakatoroka wakarudi pwani. Kwa miguu, jamani! Na hakuwa msichana tena. Agosti mwaka huohuo alikamatwa mara ya pili, na Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Ilikuwa vita ya kwanza ya dunia imeanza na wapagazi walitakiwa kwa nguvu. Yaani vifaranga walewale. Aliachiliwa 1919, akafariki miaka ya 1920, akazikwa Bungale, huko Magarini.

Sasa kazi ya likizo. Mwulizeni nyanya yenu (sisi nyumbani twamwita hawe) jina la mama yake mzazi. Si "Me" fulani, bali jina lenyewe alilopewa utotoni. Mimi niliuliza mwezi wa Aprili. Hawe aliweka ungo chini, akafikiri kitambo kirefu, akanitajia la mtoto wa kwanza, akanitajia na la babake. Lile la utotoni akaniambia nirudi jioni. Jioni akasema labda dada yake mkubwa, aliye upande wa Marafa, bado analikumbuka. Desemba tukifunga shule naenda Marafa.