Mtakwimu na Sera za Usawa Katika Elimu ya Juu

Swali: Mhitimu wa shahada ya takwimu nchini Tanzania aanzie wapi iwapo anataka kufanya kazi ya kuendeleza usawa katika sera za elimu ya juu?

Jibu: Aanzie kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo sera inapoamua nani asome na nani abaki nyumbani. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa mikopo kwa kupima uhitaji, yaani kukadiria kiasi ambacho kaya ya mwombaji inaweza kuchangia. Na kwa kuwa wazazi wengi ni wakulima au wachuuzi wasio na hati ya mshahara, makadirio hayo hulazimika kuegemea vielelezo vya pembeni, kama vile uyatima na ulemavu, ambavyo havifichui kila aina ya umaskini. Mtakwimu anayeweza kubainisha makundi yanayoachwa na vielelezo hivyo ana mchango ambao hotuba kuhusu haki, hata zikiwa tamu kiasi gani, haziwezi kuutoa. Urejeshaji nao unahitaji uchambuzi: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kiwango kimoja kwa mwenye kipato kidogo na mwenye kikubwa.

Shahada ya uzamili inaweza kusubiri. Miaka michache katika ofisi ya mikopo ya chuo humfunza mchambuzi namna kanuni inavyotekelezwa, na baada ya hapo Tume ya Vyuo Vikuu, wizara na taasisi za utafiti humfaa zaidi.