SOMO LA GARI: SENSA YA OKSIJENI NA WAYA ZAKE



Msimu wa karafuu ukiwadia, gari ya shamba haina mapumziko. Asubuhi huchukua wachumaji, jioni huchukua magunia, na karafuu zikishakauka hupeleka mzigo kituoni kuuzwa. Gari ikianza kula mafuta kupita kiasi wakati huo, faida ya pishi nyingi huishia ndani ya tangi la petroli, na mwenye shamba hajui imekwendaje.

Wanachama kadhaa wametuuliza khabari ya ile taa ya manjano yenye sura ya injini. Taa huwaka, gari hupelekwa kwa fundi, na jawabu huwa moja: "Sensa ya oksijeni imekufa, lete nyingine." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi sensa ni nzima, na ubovu uko katika waya. Basi katika somo hili twataka kila mwanachama ajue kupima kabla ya kununua.

Sensa hii ni kitu gani?

Si sensa ya kuhesabu watu. Hii ni mfano wa ulimi uliotiwa katika bomba la moshi ili kuonja moshi. Petroli haiungui vizuri ila ikichanganywa na hewa kwa kipimo: kwa uzito, hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu 1. Petroli ikizidi, oksijeni yote huliwa na moshi hutoka mzito. Hewa ikizidi, oksijeni hubaki katika moshi. Ulimi huu huonja ile oksijeni iliyobaki, kisha hupeleka khabari kwa kompyuta ya gari, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, nayo hupunguza au huongeza petroli.

Ndani yake mna kitu mfano wa kastabini ya mshoni, kilichofanywa kwa udongo uliochomwa uitwao zirkonia na kupakwa platinamu. Upande mmoja hupigwa na moshi, upande wa pili hupata hewa ya nje. Oksijeni ya pande mbili ikitofautiana sana, huzaliwa umeme mdogo wa kiasi cha volti 0.9, ikikaribiana, umeme hushuka hata volti 0.1. Walakini haifanyi kazi mpaka ipate moto wa kiasi cha digrii 300 au zaidi, na kwa hiyo sensa nyingi zimetiwa kijiko cha umeme cha kuzipasha joto upesi.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoitoa sensa hii mwaka 1976, na Volvo ya Uswidi ikawa ya kwanza kuifunga katika magari yake. Adui yake mkubwa alikuwa petroli yenye risasi, lakini hiyo iliondoshwa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Maadui waliobaki ni oili inayoungua, maji ya rejeta yanayovuja ndani ya injini, na gundi ya silikoni ipakwayo ovyo kwenye gasketi.

Kosa letu wenyewe

Gari tunayofundishia hulala Mbweni, upande wa magofu ya skuli ya zamani, ambako upepo wa bahari hauna kizuizi. Taa ilipowaka tulinunua sensa mpya bila ya kupima. Soketi yake haikuoana na ya gari, basi tukakata waya, tukaziunga na kuzitia lehemu vizuri kabisa, tukajisifu. Baada ya siku chache taa ikawaka tena.

Tulipofungua soketi ya upande wa gari tukakuta vijiti vyake vimeota unga wa kijani. Chumvi ilikwishavila, na sensa ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Tena tukajifunza la pili: hewa ya nje ambayo sensa huihitaji kwa kulinganisha, katika sensa nyingi hupita ndani ya waya wenyewe, baina ya nyuzi za shaba. Mwenye kutia lehemu ameziba pua ya sensa. Vivyo hivyo mwenye kujaza grisi katika soketi. Tukawa tumepoteza fedha mara mbili.

Namna ya kupima

Kwanza, tazama kwa macho na usikilize kwa masikio. Bomba la moshi likitoboka mbele ya sensa, hewa ya nje huingia na ulimi hudanganyika. Safisha soketi, tazama kama waya zimeungua kwa kugusa bomba, na angalia fyuzi.

Pili, pima kile kijiko cha joto. Chomoa soketi na uweke mita kwenye waya mbili za joto upande wa sensa. Kwa kawaida ukinzani hauzidi kiasi cha ohm 20. Mita isipoonyesha njia kabisa, kijiko kimekatika na sensa haina budi kubadilishwa. Kisha pima upande wa gari, injini ikinguruma: waya mmoja uwe na umeme wa betri. Usipokuwapo, usinunue sensa. Tafuta fyuzi, rilei au waya iliyokatika.

Tatu, rudisha soketi, injini ikiwa moto, upime waya ya khabari. Sensa ya kawaida iliyo mbele ya masega hucheza juu na chini baina ya volti 0.1 na 0.9. Ile iliyo nyuma ya masega hutulia, na kutulia huko ni dalili ya masega mazima. Msiitupe kwa kuwa haichezi. Tumieni mita ya namba, wala si taa ya kupimia. Na jueni kuwa gari nyingi za siku hizi zina sensa ya namna nyingine mbele ya masega, ambayo haipimwi hivi wala haibadilishani na ya kawaida, hata soketi zikioana.

Kuunga waya

Ikiwa hapana budi kuunga, fuateni kazi ya waya, si rangi. Katika sensa nyingi za Denso zenye waya nne, nyeusi mbili ni za joto, buluu ni ya khabari na nyeupe ni ya ethi. Katika za Bosch, nyeupe mbili ni za joto, nyeusi ni ya khabari na kijivu ni ya ethi. Angalieni mtego huo! Mwenye kuunga nyeusi kwa nyeusi huenda akautia umeme wa volti 12 katika njia ya khabari, na aliyekuja kutengeneza sensa akaondoka na kontroli boksi iliyoungua. Ungeni kwa vibanio vya shaba vya kubana kwa koleo, kila kiungo mahali pake mbalimbali, kisha vifunikeni visipate maji. Iliyo bora ni kununua sensa yenye soketi ile ile ya gari.

Kufungua na kufunga

Toa waya ya hasi ya betri. Chomoa soketi kabla ya kuzungusha sensa, waya zisisokoteke. Injini iwe na uvuguvugu, si moto wa kuunguza. Sensa nyingi hufunguliwa kwa spana ya 22. Ikikataa, tia mafuta ya kulainisha kutu na usubiri. Usitumie nguvu ukaharibu hesi za bomba. Sensa mpya ianze kwa mkono, kisha ikazwe kiasi cha newton-mita 40, au kama kilivyoandika kitabu cha gari. Dawa ya kuzuia hesi zisigande ipakwe kwenye hesi tu, isiguse ncha. Ikianguka chini, udongo wa ndani huweza kupasuka usiuone kwa nje.

Msiache taa ikawaka msimu mzima. Petroli ikizidi kwa muda mrefu huunguza masega, na bei ya masega hupita mbali bei ya sensa.

Mwisho, kila mwenye gari awe na daftari dogo ndani yake. Aandike tarehe, vipimo alivyoviona na waya ipi imeungwa na ipi. Wazee walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Karafuu zetu twazipima kwa pishi na kwa mizani kabla ya kuziuza. Basi na gari tuipime kabla ya kuinunulia.