Ukurasa wa Afya: Wali na Maharage kwa Mwenye Kisukari

Bonde letu la Kilombero ni nchi ya mpunga. Mgeni akifika Ifakara hukaribishwa kwa wali, na wapo watoto ambao wakikosa wali husema hawajala. Hatuandiki ukurasa huu ili kumnyang'anya mtu wali wake. Tunaandika kwa sababu ya yale tunayoyaona kliniki.

Baba mmoja, mkulima wa mpunga, alitufikia na kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Nyumbani walikuwa wakimpikia ugali wake peke yake, huku wengine wakila wali. Akajiona ametengwa. Usiku wenzake wakilala, alikwenda jikoni kupakua kiporo. Siku moja alituuliza, "Sista, huo ugali mnaosema ni dawa, mbona sukari haishuki?"

Swali lake lilikuwa zuri. Ugali haujawa dawa hata siku moja. Ugali wa sembe nao ni wanga, na mlima wa ugali hupandisha sukari kama mlima wa wali.

Sukari hupandaje?

Tukila wanga, tumbo huusaga na kuugeuza kuwa sukari, nayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huifungulia sukari mlango wa kuingia mwilini ikatumike kama nguvu. Kwa mgonjwa wa kisukari insulini haipo, haitoshi au haifanyi kazi vizuri, hivyo sukari hubaki ndani ya damu. Ikikaa juu miaka mingi huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu.

Mikunde hufanya nini?

Mikunde ni maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu na njugu mawe. Nayo ina wanga, lakini wanga wake umefungwa ndani ya kuta ngumu za mbegu, pamoja na nyuzinyuzi na protini. Tumbo huchukua muda kuufikia, kwa hiyo sukari huingia katika damu kidogo kidogo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hata kwa sukari ni hivyo.

Mwaka 1981 Daktari David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walipima jinsi vyakula mbalimbali vinavyopandisha sukari, wakiipa glukosi alama 100. Katika vipimo vya namna hiyo wali mweupe kwa wastani hufika 70 hivi, ingawa hutofautiana kwa aina ya mchele. Maharage ya kuchemsha mara nyingi hayafiki 40. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa 17 wa kisukari wali mtupu, na siku nyingine wali kwa maharage. Walipokula wali kwa maharage, sukari baada ya mlo haikupanda sana kama walipokula wali mtupu.

Lakini angalieni jambo moja. Katika jaribio lile wanga wa milo yote ulikuwa sawa, maana yake maharage yalichukua nafasi ya sehemu ya wali. Ukibakiza mlima ule ule wa wali, kisha ukamwagia kijiko cha mchuzi wa maharage juu yake, hujafanya kitu.

Namna ya kupakua

1. Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele au majani ya kunde. Robo iwe maharage au mikunde mingine. Robo inayobaki ndiyo ya wali au ugali.

2. Asubuhi, badala ya kiporo cha wali na chai yenye sukari nyingi, kula kunde au mbaazi zilizochemshwa na chai isiyo na sukari. Mikunde ya asubuhi huweza kusaidia hata sukari ya mchana isipande sana.

3. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya. Yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi, ndipo uendelee mpaka yaive kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva huleta kutapika na kuharisha. Kuloweka pia hupunguza gesi tumboni.

4. Mwenye shinikizo la damu aepuke magadi na chumvi nyingi.

Tahadhari

Maharage si dawa ya kuponya kisukari. Wapo walioambiwa na majirani waache vidonge wale kunde tu, wakaletwa kwetu hawajitambui. Usiache dawa. Anayetumia insulini au vidonge asipunguze wali ghafla bila kutueleza, kwani sukari yaweza kushuka mno. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa. Mpe maji yenye sukari upesi, kisha mfikishe hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza kiasi cha mikunde kinachomfaa.

Yule baba tulimwomba aje na mkewe. Tuliongea nao wote wawili, maana mpishi asipoelewa mgonjwa hapati nafuu. Sasa chungu ni kimoja: wali, maharage na mboga, na kila mtu hupakua kwa kipimo chake. Watoto nao wanakula hivyo hivyo, na ni vema, kwa kuwa chakula hiki kinamfaa hata asiye na kisukari. Dawa aliendelea kunywa, na kidonda tuliendelea kukisafisha. Kilichukua miezi, lakini kilifunga. Na kiporo cha usiku, anasema mkewe, sasa kinakutwa asubuhi.

Mama na baba wa familia, angalieni sahani zenu leo jioni. Na kama mtu nyumbani anakojoa mara kwa mara, ana kiu isiyoisha au anakonda bila sababu, msingojee kidonda. Mleteni apimwe.