Usitupe Watoto wa Mbwa



Asubuhi moja nyuma ya soko nilikuta boksi la sabuni limefungwa kamba. Ndani mlikuwa na watoto wanne wa mbwa, macho bado hayajafumbuka, mmoja ameshakufa. Aliyewaacha pale bila shaka aliona huruma kuwaua. Lakini wanaopona dampo hukua bila mwenyewe na bila chanjo, na baadaye sisi wa zahanati tunapokea watoto wa watu walioumwa na mbwa. Usitupe watoto wa mbwa.

Wanatoka wapi?

Mbwa jike huanza kupata joto akiwa na miezi sita hivi. Mimba yake ni miezi miwili tu. Paka ndiye mwenye haraka zaidi: hata wa miezi mitano hushika mimba, na kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili au tatu. Majirani wa kuwagawia wataisha. Usitupe, zuia mimba.

Dawa yake

Dume ahasiwe, jike afungwe kizazi. Ni mara moja tu, maisha yake yote.

Utapata nini?

Jike aliyefungwa haugui usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua. Akifungwa mapema, saratani ya chuchu humpata kwa nadra. Madume hawajazani tena getini kwako. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigana, na kulinda nyumba analinda vilevile. Wanaosema jike lazima azae kwanza wanakosea.

Tahadhari

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo. Usimwite mtu wa wembe na kamba: mnyama asiyepewa nusu kaputi anateswa, na kidonda kinaoza. Mweleze daktari kama mnyama ana mimba au anaumwa, na muulize ni saa ngapi aache kula. Akirudi alale pakavu, asiogeshwe, asilambe mshono, asitoke nje hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Ukiona usaha au damu, mrudishe siku hiyohiyo. Usimpe Panadol, paka inamuua.

Kuhasi si chanjo

Mbwa aliyehasiwa naye anaweza kupata kichaa cha mbwa. Achanjwe kila mwaka.

Akiuma mtu

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha wahi kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kama wameshazaliwa

Waache na mama yao hadi wafikishe wiki 8, muulize daktari kuhusu chanjo yao, kisha mpe kila mmoja mtu unayemjua. Mama yao mpeleke akafungwe kabla hajapata joto tena. Nakuomba, usitupe hata mmoja.