Daftari Moja la Hesabu, Kompyuta Mbili

GnuCash ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na hesabu zako zote huziweka ndani ya faili moja lenye mwisho wa .gnucash. Ukilihamisha faili hilo umehamisha daftari zima: benki, M-Pesa, madeni, ada za shule. Urahisi huohuo ndio unaowaponza wenye kompyuta zaidi ya moja. Faili likishakuwa mawili, moja nyumbani na jingine ofisini, salio la kweli halijulikani tena.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia ya kulihamisha, kubalianeni nyumbani juu ya sharti moja. Anayeandika ni mmoja kwa wakati mmoja, na akimaliza anahifadhi na kuifunga programu kabisa. GnuCash haikuundwa ili watu wawili waandike kwa pamoja, hata ukiziweka hesabu kwenye hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL. Mume na mke wanaotaka kuandika kwa wakati mmoja, kila mtu na kompyuta yake, watafute programu nyingine.

Flashi ndiyo njia nyepesi, na haili bando. Lakini flashi hupotea, na ukiichomoa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, faili linaweza kuharibika. Mwenye flashi anakili faili lake kwenye kompyuta ya nyumbani kila wiki, na nakala hiyo haiandikwi kitu.

Mimi napendelea folda inayosawazishwa kupitia intaneti. Dropbox inatosha kwa wengi. Asiyetaka hesabu zake zikae kwenye seva za watu atumie Syncthing, inayopeleka mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ila sharti kompyuta zote mbili ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja ndipo faili lipite. Utakapohifadhi kwa mara ya kwanza, chagua faili la aina ya XML badala ya SQLite. SQLite huandika kila badiliko papo hapo, na folda ikilinakili faili katikati ya kuandikwa, kompyuta ya pili inaweza kupokea kitu kilichoharibika.

Kila unapofungua hesabu, GnuCash huweka pembeni yake kifaili kidogo chenye mwisho wa .LCK. Hicho ndicho kufuli. Kompyuta nyingine ikikikuta, hukuonya kwamba faili linatumika, kisha hukupa nafasi ya kulisoma tu bila kuandika, au kulifungua hivyohivyo. Usikimbilie hilo la pili. Mpigie simu mwenzako kwanza, muulize kama amefunga. Umeme ukikatika ghafla, kufuli huweza kubaki wakati hakuna mtu ndani; ukishahakikisha hivyo, fungua bila wasiwasi. Kinyume chake pia hutokea: intaneti ikiwa chini, kufuli halifiki upande wa pili, na onyo halitokei. Ndiyo maana jicho lako lianzie kwenye alama ya Dropbox, uone imemaliza kusawazisha, ndipo ufungue daftari.

Tuseme yameshatokea. Jioni umeandika nyumbani bila intaneti, asubuhi ofisini ukaendelea na faili la jana. Dropbox haitafuta lolote. Itakuwekea faili la pili lenye jina la kompyuta lilikotoka. Chagua lenye miamala mingi zaidi liwe ndilo daftari. Lifungue lile jingine kwa kusoma tu, nenda kwenye jarida kuu, na upange miamala kwa tarehe ya kuingizwa, si tarehe ya muamala wenyewe. Risiti ya wiki iliyopita uliyoiingiza jana usiku ingejificha katikati ya mingine, lakini kwa mpangilio huu inakaa pamoja na ya jana. Ihamishe yote isiyomo kwenye daftari kwa mkono, pamoja na makato ya kutuma pesa ambayo husahaulika. Kisha linganisha salio la kila akaunti na taarifa ya benki na ya M-Pesa. Zikikubaliana hadi shilingi ya mwisho, liondoe faili la pili kwenye folda ile siku hiyohiyo.

Kompyuta zote ziwe na toleo lilelile la programu, na uzisasishe pamoja. Jua pia kwamba ripoti ulizojitengenezea hazimo ndani ya faili la hesabu. Hukaa kwenye kompyuta uliyozitengenezea. Nakala za akiba zenye tarehe, ambazo GnuCash huzirundika katika folda ileile, hudumu siku 30 kama hujabadilisha mpangilio. Kama bando lako ni dogo, zipunguze, lakini usizizime kabisa.

Limebaki suala la siri. GnuCash haina nenosiri: anayelipata faili anasoma kila kitu, kuanzia mshahara wako hadi deni la shemeji. Kompyuta ya ofisini inayotumiwa na wengi haifai kuhifadhi faili hili. Unaweza kulifunga ndani ya flashi kwa VeraCrypt, ingawa kwenye Windows huenda ukahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Mtu wa IT akikataa, yaandike matumizi ya mchana kwenye simu, uyaingize jioni ukifika nyumbani.