SOMO LETU: MSHUBIRI NA KANSA YA UTUMBO



Hapa Isiolo sote tunaujua mshubiri. Wasamburu huuita sukuroi, Waborana hargesa. Mtu akikosa choo hunywa utomvu wake mchungu. Wengine husema unazuia hata kansa ya utumbo mpana. Je, ni kweli?

Dawa haipimwi kwa maneno. Wataalamu huanza na chembe za kansa ndani ya chupa. Zikifa, hiyo ni hatua ya kwanza tu, maana hata sabuni huziua. Halafu hujaribu kwa wanyama, kisha kwa watu, wakilinganisha wanaotumia na wasiotumia.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa matokeo yao. Kwa miaka 2 panya walikunywa maji yenye dawa ya jani zima la Aloe vera, ndugu ya mshubiri wetu. Baadhi yao walipata uvimbe na kansa ya utumbo mpana! Ni kweli panya si mtu, lakini tahadhari ni bora: tusinywe shubiri kila siku.

Ukiona damu kwenye choo, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, usijiongezee miti-shamba. Nenda hospitali upimwe. Kansa ikijulikana mapema hutibika kwa urahisi zaidi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini chembe kufa ndani ya chupa hakutoshi?
2. Tutamsaidiaje mwenzetu anayeona haya kusema ana damu kwenye choo?