Mshauri Huru wa Fedha Chini ya Kampuni

Neno "huru" ndilo linalowaponza watahiniwa wengi katika mada hii. Huandika kwamba mshauri huru wa fedha ni mtu asiye na mwajiri wala ofisi. Sivyo. Uhuru wake umo katika ushauri wenyewe: hafungwi kuuza bidhaa za kampuni moja.

Tuchukue Uingereza. Tuseme mteja ana pauni 20,000 za kuwekeza. Kampuni A humlipa mshauri kamisheni ya asilimia 3, kampuni B asilimia 6. Akimpeleka mteja A anapata pauni 600. Akimpeleka B, pauni 1,200. Unadhani ataisifia ipi? Kwa sababu ya kishawishi hicho, tangu tarehe 31 Desemba 2012 ushauri mpya wa uwekezaji kwa wateja wa kawaida nchini humo haulipiwi kamisheni na wenye bidhaa. Mteja mwenyewe hulipa ada waliyokubaliana.

Na kampuni iliyo nyuma yake? Mshauri huweza kuwa mwakilishi wa kampuni yenye kibali. Yeye huwasikiliza wateja na kuwashauri; kampuni humsimamia, hukagua kazi yake, na hubeba dhamana kwa shughuli ilizomruhusu kufanya. Ni msaada wenye masharti (litaje hili, wengi huliacha).

Jipime: Mshauri anayependekeza pensheni za kampuni moja tu, lakini hutoza ada badala ya kamisheni, anastahili kuitwa huru? Fafanua.